Wito wa Tatu

Hitimana Léopold hakusoma chuo kikuu hata siku moja, lakini hakuna aliyehitimu Kitivo cha Sayansi cha chuo kikuu cha serikali pale Goma bila kupita mikononi mwake. Kazi yake ni appariteur. Ndiye anayemwandikisha mwanafunzi siku ya kwanza, ndiye anayemwita kwa jina kabla ya mtihani, na ndiye anayebandika matokeo kwenye ubao wa matangazo, ambao pale wote huuita valve. Maprofesa huja na kuondoka, madoyen, wakuu wa vitivo, hubadilishwa, rekta mmoja akitoka mwingine huingia na picha yake ya ukutani. Papa Léopold yupo tangu mwaka 1991, ndani ya koti la kijivu. Koti lenyewe alilibadilisha mara moja tu, akanunua jingine la rangi ileile, na watu wengi hawakugundua.

Kumwita mwanafunzi, kwa Léopold, ilikuwa karibu na ibada. Alisimama juu ya ngazi ya mawe meusi ya volkano, rejista mkononi, na wanafunzi wakisubiri chini uwanjani. Kanuni ya nyumba ile ilikuwa ya zamani kuliko yeye: jina huitwa mara tatu, na kati ya wito na wito hupita dakika tano. Kama mtihani ni wa saa tatu, wito wa kwanza ni saa tatu kamili, wa pili saa tatu na dakika tano, wa tatu saa tatu na dakika kumi. Asiyeitika wito wa tatu huandikwa hayupo, kwa kalamu nyekundu, pamoja na saa. Wino mwekundu haufutwi. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchoma mkaa walingoja dakika zilezile, na hilo lilimpa Léopold heshima ambayo mshahara wake haukuwahi kumpa.

Mwaka 2002 volkano ilipomwaga moto mjini, watu walikimbilia Gisenyi na magodoro, sufuria na mbuzi. Yeye alivuka mpaka na rejista tatu kichwani, na mke wake, Mama Mukagasana Eugénie, nyuma yake na watoto wawili na godoro pia. Eugénie hakusahau mgawanyo huo wa mizigo, na bado anautaja. Lakini chuoni kisa kile kilimfanya Léopold kuwa mtu wa kutajwa. Mwanafunzi akibisha matokeo yake, wenzake walimwambia aende kwa Papa Léopold, kwani rejista ya Papa Léopold haidanganyi. Hata walimu walisema hivyo, na mwenyewe aliamini.

Vita vilipoingia mjini Januari 2025, ofisi za rektorati ziliporwa kuanzia kompyuta hadi vitasa vya milango. Rejista za Kitivo cha Sayansi hazikuwepo. Zilikuwa nyumbani kwa Léopold, jikoni, ndani ya gunia chini ya maharage. Pamoja nazo kulikuwa na orodha za vitivo vingine, ambazo alikuwa akizinakili kila mwaka kwa mkono bila kuagizwa na mtu, na kwa hilo makarani wenzake walimcheka sana.

Kwa hiyo mwezi wa tisa, vyuo vya nchi za nje vilipoandika kwamba vinataka kuja kushirikiana, na kwamba kwanza vitumiwe maelezo mafupi ya chuo kizima, Katibu Mkuu hakuwa na pa kwenda ila kwenye kile kichumba cha appariteur.

“Papa Léopold,” alisema, akiwa amesimama kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, “ordinateurs zote balibeba. Hakuna hata liste moja inabakia. Ni weye tu uko na hii université kwa kitabu. Utuandikie présentation. Page kumi, ata kumi na mbili.”

“Mimi siko professeur, Mama.”

“Professeurs nilibauliza. Kila mutu aliniandikia juu ya faculté yake tu.”

Léopold aliandika wiki mbili, na zilikuwa wiki za furaha. Aliandika jinsi chuo kilivyoanza na vyumba vinne vya kuazima, wanafunzi sitini na mmoja na chaki iliyoletwa kwa boti kutoka Bukavu. Aliandika vitivo tisa, wanafunzi elfu kumi na nne mia mbili na sita kabla ya vita, walimu mia sita na kumi na watatu. Aliandika maabara kumi na moja, kisha akaongeza, kwa kuwa hakupenda kumdanganya mgeni, kwamba nne hazikuwa na paa. Aliandika maktaba, shamba la majaribio kule Kibati, na mitambo ya kupima mitetemo ya mlima. Chuo kikubwa, ukikiandika chote kwenye karatasi, ni kitu cha kutia fahari, na mara kwa mara alisimamisha kalamu akasoma tena alichoandika, akitabasamu peke yake.

Ilibaki sehemu ya utafiti, na hapo ndipo tabasamu lilipoisha.

Wageni walikuwa wameuliza jambo moja kwa jina: ramani ya mazuku ya Mugunga. Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye nchi yetu ya volkano. Haina rangi, ni nzito, hulala mabondeni na mashimoni kabla jua halijapanda, na anayeshuka humo hapandi. Miaka ya kambi, wakimbizi kutoka Masisi walipotandaza mahema hadi kwenye mabonde ya Mugunga, watoto na mbuzi walikufa asubuhi bila jeraha. Mwanafunzi mmoja wa jiolojia, mwenyewe mkimbizi wa kambi ileile, alizunguka miezi kumi na minne na kifaa kidogo cha kupimia cha mwalimu wake, Profesa Wenceslas. Kifaa kilipoharibika, alitumia kopo lenye utambi uliowashwa, akiliteremsha kwa kamba shimoni. Moto ukizimika, alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu na kuandika. Vijiti mia tatu na arobaini. Watu walihamisha mahema yao kwa kufuata vitambaa vile, na ramani iliyotokana navyo Profesa Wenceslas aliionyesha kwenye mikutano hadi ng'ambo.

Maelezo ya chuo yalikuwa na utaratibu wake: kila utafiti hutajwa pamoja na jina la mhitimu aliyeufanya na mwaka aliopata shahada. Léopold alikwenda kumuuliza Wenceslas aandike nini.

“Andika ‘Département de Géologie’,” alisema profesa, bila kuinua macho. “Yule mutoto hana diplôme. Na mimi mwenyewe iliniuma, Papa. Lakini hakufika siku ya défense. Si ni weye ulimuandika absente?”

“Ni mimi,” alisema Léopold.

Alirudi ofisini, akatoa rejista ya 2024, akaifungua pasipo kutafuta ukurasa. Mstari ulikuwepo, wino mwekundu, mwandiko mzuri: Uwamariya Gisubizo Julie. Hayupo. 9h10.

Sasa lazima niseme kilichotokea siku ile, maana mpaka wakati huo watu watatu tu ndio waliokijua, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kunyamaza.

Ilikuwa Oktoba, siku ya kutetea mémoire, tasnifu ya kuhitimu. Katika jury, jopo la watahini, alikuwepo profesa mgeni kutoka Kisangani, mwenye ndege ya saa tano. Doyen Paul alitoka ukumbini saa tatu kasoro dakika moja, akamsogelea Léopold pale juu ya ngazi na kumnong'oneza: “Papa Léopold, huyu mugeni atatuponyoka. Ita tu mbiombio. Kama hayuko, tupite kwa mwengine.” Hakuamuru. Aliomba, tena kwa adabu, na ombi la adabu la mkubwa ni gumu kulikataa kuliko amri. Léopold aliita jina mara tatu mfululizo, kama mtu anayeita kuku. Saa tatu na dakika mbili alikuwa amemaliza. Akainamisha macho kwenye rejista, na mkono wake, uliozoea kanuni, ukaandika 9h10, kwa sababu ndiyo saa ambayo wito wa tatu huandikwa.

Msichana alifika saa tatu na dakika sita. Asubuhi ile malori ya jeshi yalikuwa yameziba barabara ya Sake na pikipiki zimezuiwa, hivyo alitembea kutoka Mugunga tangu saa kumi na moja alfajiri. Alipita katikati ya wanafunzi waliokuwa wakimwagia mwenzao poudre, kama tunavyomfanyia kila aliyefaulu, na ile poda nyeupe ilimwangukia viatuni. Alipanda ngazi akihema, mémoire kwenye mfuko wa plastiki.

“Papa, nimefika.”

“Appel imeisha kufungwa.”

Alitazama rejista, akasoma 9h10. Wino ulikuwa bado unang'aa. Akatoa simu yake, akaigeuza ili mzee aone kioo chake.

“Papa, ni neuf heures six.”

Léopold alifunga rejista. Julie hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya chini mpaka jury ikamaliza na profesa mgeni akapakiwa kwenye gari, kisha akaenda. Kesho yake alileta barua ya malalamiko. Tume ilikaa, ikaomba rejista, ikasoma 9h10, na haikuhitaji muda wa kumaliza Fanta moja. Rejista ya Papa Léopold haidanganyi. Miezi mitatu baadaye vita vikaja, kambi ikavunjwa, na Julie akapotea na watu wake.

Watu watatu, basi: doyen, Léopold na yule msichana. Léopold alikuwa amejiambia kwamba mwaka unaofuata angerudi, angeitwa vizuri, na mambo yangeisha. Sisi sote tuna mwaka wetu unaofuata wa namna hiyo.

Siku mbili hakuandika kitu. Alipeleka rejista nyumbani, akaiweka mezani, akakaa mbele yake. Eugénie alikuwa akichambua maharage upande wa pili.

“Tangu asubui uko unaangalia ukurasa moja,” alisema. “Kuko nini mule?”

Alimweleza. Yote, hata kunong'onezwa, hata simu. Eugénie hakuacha kuchambua.

“Na yeye alikuona ukiandika?”

“Aliniona.”

“Na akanyamaza?”

“Aliandika recours. Balisoma kitabu yangu, bakamukatalia.”

Eugénie alitupa jiwe moja dogo nje ya ungo. “Ile mwaka ya volcan, nilibeba batoto nikasema, huyu mwanaume kitabu yake iko kweli, acha aibebe. Kumbe siku moja itabeba uongo, na weye utaiogopa kuliko mutoto wa batu.”

Léopold aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayompata mtu mzima mbele ya anayemjua tangu ujana. Alikuwa na miezi mitatu kufikia pensheni. Ilishapangwa kwamba siku ya kufungua mwaka wa masomo atavalishwa medali, na Rekta atasimulia kisa cha 2002.

Baraza la Kitivo lilikutana Jumanne. Appariteur huwa hazungumzi katika baraza lile, huingia na karatasi na kutoka. Safari hii aliingia na rejista, akaiweka mbele ya Katibu Mkuu, akabaki amesimama.

“Hii mustari ni ya uongo,” alisema. “Niliandika neuf heures dix. Ilikuwa neuf heures deux. Niliita mara tatu bila kungoja. Mutoto alifika neuf heures six, alikuwa na haki yake ya kuingia. Mimi njo nilimufungia mulango.”

Profesa Wenceslas alivua miwani.

“Juu ya nini ulifanya vile?” aliuliza Katibu Mkuu.

Doyen Paul alikuwa ameketi viti viwili kutoka pale. Alikuwa akifunga na kufungua kifungo cha koti lake.

“Nilikimbiza appel,” alisema Léopold. “Hakuna kingine.”

Mimi ninayesimulia nimemlaumu Doyen Paul kuliko Léopold alivyomlaumu. Nilimuuliza mzee baadaye kwa nini hakumtaja, akanijibu kwamba kalamu haikuwa mkononi mwa doyen. Nadhani alikuwa sahihi, ila bado sijamsamehe doyen.

Baraza liliamua mambo mawili. Léopold alipewa barua ya onyo kwenye faili yake, na habari ya medali haikutajwa tena na mtu yeyote. Mstari mwekundu ungekatwa mbele ya wajumbe na kutiwa sahihi, na Uwamariya Gisubizo Julie aitwe upya kutetea mémoire yake mwezi wa kumi na mbili, wageni wakiwepo. Ilibaki kumpata. Katibu Mkuu alitaka itolewe redioni. Léopold aliomba aipeleke barua mwenyewe.

Alimtafuta Mugunga, ambako pale palipokuwa na mahema sasa watu wanalima viazi, na wachache wanajenga. Mwanamke mmoja aliyekuwa akibeba maji alimwonyesha kijiti kilichosalia ukingoni mwa bonde, kitambaa chake kimekuwa cheupe kwa jua, akasema mwenye vijiti alihamia upande wa mlima. Alimtafuta Munigi siku mbili. Alimpata Kibati, katika shule ya msingi ya mbao, akifundisha darasa la tatu. Alikuwa amekonda. Alimtambua mzee toka mlangoni, akawapa watoto kazi ya kunakili, akatoka nje.

“Jambo, Papa.”

“Jambo, mutoto yangu.” Kisha akaona hana haki ya neno lile, akainamisha kichwa. “Nilikuja kukuambia nilikosea. Nilisema mbele ya Conseil. Niliandika uongo, na uongo ile ilikuharibia maisha.”

Julie alisoma barua mara mbili, akaikunja. Darasani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele. Aligonga ukuta wa mbao kwa kiganja, wakanyamaza.

“Mama yangu alikufa kwa mwezi wa pili,” alisema. “Batu banamuuliza mutoto yake alisoma nini, anasema géologie. Banamuuliza, iko wapi diplôme. Alikufa anafikiri mimi njo nilimudanganya.”

Léopold alisimama pale na kofia mkononi. Upepo ulikuwa ukileta vumbi jeusi kutoka mlimani, na hakuna aliyejifuta uso.

“Bataita mara ngapi?” aliuliza Julie hatimaye.

“Tatu.”

“Na dakika?”

“Tano, na tano.”

“Sawa,” alisema, akarudi darasani.

Léopold alimaliza maelezo ya chuo wiki ile. Kurasa kumi na moja. Kwenye sehemu ya utafiti, penye jina la mhitimu na mwaka, aliacha nafasi wazi, na alipoulizwa na mchapaji alimwambia asubiri.

Siku ya siku, Desemba, uwanja ulijaa. Wageni walikuwa wanne, wamekaa mstari wa mbele ukumbini na ile ramani imebandikwa ukutani. Léopold alifika saa moja, akakuta Julie ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mawe chini ya ngazi, amevaa kitenge cha kijani kilichopigwa pasi, mémoire yake magotini ndani ya mfuko wa plastiki, labda uleule. Walisalimiana kwa kichwa tu.

Saa tatu kamili Léopold alisimama juu ya ngazi, akafungua rejista.

“Uwamariya Gisubizo Julie.”

Sauti yake ilifika hadi lango kuu. Julie alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwake, akimtazama usoni. Hakuitika.

Watu wakageuka. Mwanafunzi mmoja alimgusa bega, akamwambia kwamba anaitwa, naye akatikisa kichwa taratibu. Doyen Paul alitokeza mlangoni.

“Papa Léopold, si ule pale? Muandike, aingie. Bageni banangoja.”

“Bado, Doyen.”

“Lakini iko mbele yako.”

“Dakika tano hazijaisha,” alisema Léopold.

Dakika tano ni nyingi mno ukisimama mbele ya watu mia mbili na mtu mmoja anakutazama. Mzee alikuwa ameelewa: msichana anadai zile dakika alizonyimwa. Hakutazama pembeni wala hakujaribu kutabasamu. Saa tatu na dakika tano aliita mara ya pili, jina zima, bila kukata hata silabi, na mara ya pili hakuna aliyeitika. Doyen Paul alikuwa bado mlangoni. Alitazama saa yake, akamtazama msichana, kisha akashusha mkono, akasimama tu kama wengine.

Zilipita dakika nyingine tano. Machozi yalimtoka Léopold, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta.

“Uwamariya Gisubizo Julie.”

Julie alisimama, akanyoosha kitenge chake, akapanda ngazi zote bila haraka mpaka ya juu, akasimama mahali palepale aliposimama mwaka uliopita.

“Présente, Papa.”

Léopold alichukua kalamu ya bluu. Chini ya ule mstari mwekundu uliokatwa na kutiwa sahihi na baraza, aliandika jina, akaandika yupo, akatazama saa ya mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaandika: 9h10.